Shemeki anataka kuhamisha usukani wa Hiace yetu: asiransi (bima) itakubali?

Mama, jambo sana.

Mimi ni mama wa watoto watano, wawili kati yao ni mapasa (pacha). Ninakaa Katuba, ninauza unga kwenye soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Baba Mapasa, mume wangu, alifanya kazi miaka 11 kwa kampuni ndogo iliyokuwa ikichukua kazi za migodini, na mwaka jana mkataba wao ukaisha. Pesa aliyolipwa tukaichanganya na zamu yangu ya likilimba (mchango wa kupokezana), tukanunua Toyota Hiace.

Gari ilitoka Japani, ikashuka Dar es Salaam, ikapita Zambia na kuingia Kasumbalesa. Ni dizeli, injini 5L, ya mizigo. Mbele kuna viti 3, nyuma ni bati tupu. Usukani uko kulia na mlango wa kuburuta uko kushoto. Tulilipa plaki, karti roze (hati ya usajili wa gari), vinyeti (kodi ya gari) na asiransi. Kijana wa asiransi aliuliza gari ni ya kazi gani, baba Mapasa akajibu ni ya kubebea unga wa mke wangu. Siku hiyo ilikuwa ni kweli, hatukudanganya.

Sasa unga peke yake haulipi mafuta. Baba Mapasa anataka gari iingie kwenye laini ya Katuba na mjini, na siku ya Mungu, Jumapili, iende Likasi. Yaya yake (kaka yake), ambaye ni shemeki wangu mkubwa, ni fundi tangu ujana, ana garaji yake uani chini ya mwembe. Amesema hivi: "Volani naihamisha kwa siku nne. Mlango naufungua upande wa kulia, ule wa kushoto nauchomelea kabisa. Nyuma naweka benchi 4, watu wakae bane bane, wanne kila moja." Hataki malipo ya mkono, anataka tumnunulie vyuma tu. Na kijana wake ndiye atakayeendesha. Ana miaka 22 na permi (leseni) ya B.

Jirani yangu sokoni akanitia woga. Amesema ukibadilisha gari bila kuwaambia wa asiransi, siku ya ajali hawakujui. Nilipomwambia baba Mapasa alicheka. Kwake asiransi ni karatasi ya kuonyesha PCR (polisi wa barabarani), na PCR tutaelewana nao barabarani.

Mama, nikikataa, ukoo mzima utasema ninamdharau shemeki. Yeye ndiye aliyetoa sehemu kubwa ya mahari yangu. Gari iko uani kwake tangu Jumatatu na bado hajakata. Jirani yangu ana haki au ananitisha tu? Na kama ana haki, nitaongeaje na watu wangu?

Mama Mapasa, Katuba, Lubumbashi

* * *

Mama Mapasa, jambo sana.

Kabla hujasoma zaidi, mtume mtoto mmoja kwa shemeki akamwombe gari lisikatwe leo wala kesho. Mengi nitakayokuandikia hapa yanawezekana tu bati likiwa bado zima.

Jirani yako ana haki, na amekufanyia wema kukuambia mapema.

Mlipokwenda kuchukua asiransi, kampuni iliandika gari fulani: la mizigo, viti 3, linabeba mali ya mwenyewe. Ada mliyolipa ilihesabiwa kwa gari hilo. Nguvu ya injini, idadi ya viti na kazi ya gari ndivyo vinavyopandisha au kushusha bei. Gari linalobeba mifuko ya mama mmoja kutoka kinuni hadi sokoni, na gari linalopakia na kushusha watu kutwa nzima katikati ya foleni, haviwezi kulipa sawa, na ukifikiri kidogo utaona ni halali. Siku benchi zitakapoingia, mkataba wenu utakuwa unazungumzia gari ambalo halipo tena uani.

Kwetu Kongo asiransi ya gari si hiari. Sheria ya 5 Januari 1973 ndiyo iliyomlazimisha kila mwenye gari kuwa na bima ya madhara atakayowatendea wengine. Kwa miaka mingi SONAS, kampuni ya serikali, peke yake ndiyo iliyouza bima nchini, hadi sheria namba 15/005 ya 17 Machi 2015 ilipofungua soko, na tangu 2019 kuna kampuni binafsi pia. Lakini wajibu wa mwenye gari ni uleule mlango wowote atakaoingia: aseme kweli siku ya kuandika mkataba, na aseme tena likitokea jambo linaloongeza hatari. Kuhamisha usukani ni jambo la namna hiyo. Kutoboa mlango na kuweka viti 16 pia. Kuanza kubeba watu kwa pesa ndiyo kubwa kuliko yote, hata kama usingegusa msumari mmoja wa gari.

Ukinyamaza, mambo mawili yanaweza kutokea. Wakiona ulinyamaza kwa kusudi, mkataba unafutwa kana kwamba haukuwahi kuandikwa, na ada uliyolipa hairudi. Wakikubali kwamba ulinyamaza kwa kutojua, wanapunguza malipo kwa kadiri ya ada uliyopaswa kulipa. Chukua mfano wangu, si bei halisi. Umelipa dola 100, kumbe gari la abiria lingelipa 250. Umelipa sehemu mbili kati ya tano. Majeruhi wakihesabiwa dola 10,000, kampuni inasimama kwenye 4,000. Zile 6,000 zinatafutwa kwenu. Na wewe, mama, huwezi tena kusema hukujua. Barua uliyoniandikia inaonyesha kwamba umejua.

Wengine watakuambia kampuni haiwezi kuwaacha majeruhi hivihivi. Kuna ukweli humo, kwa sababu bima hii iliwekwa kwa ajili ya mtu anayegongwa, si kwa ajili ya mwenye gari. Inatokea kampuni inawalipa majeruhi kwanza. Kisha inamgeukia mwenye gari na kumdai kila faranga iliyotoka. Deni limebadilisha mlango tu.

Tena elewa jambo ambalo watu wengi mjini kwetu hawaelewi. Asiransi hii ya lazima hailipi gari lako. Hiace ikipinduka, pesa ya kazi ya miaka 11 na likilimba yako vimeondoka, hata kama makaratasi yote ni safi. Kuna bima nyingine inayolipa gari la mwenyewe, na bei yake ni nyingine. Angalia mkataba wenu, nina hakika haimo.

Sasa niruhusu nikusimulie la nyumbani kwetu, kwa sababu siandiki haya kwa kusoma tu.

Mwaka 2021 mdogo wangu alikuwa na Hiace kama yenu. Usukani ulihamishwa uani, na fundi alikuwa mtu mwenye mikono mizuri, simsemi vibaya. Aliacha pampu kuu ya breki mahali pake upande wa kulia, kwa kuwa kuihamisha ni kazi kubwa, inadai mabomba mapya na nafasi ambayo haipo. Pedali akaiweka kushoto. Kati ya pedali na pampu akapitisha bomba la chuma nyuma ya dashibodi, upana mzima wa gari, likashikwa na vishikio viwili vilivyochomelewa kwenye bati jembamba. Ukikanyaga pedali, bomba lilizunguka na kuisukuma pampu. Mjini lilifanya kazi miezi saba. Siku moja ya jioni, kwenye barabara ya Likasi, lori la shaba lilisimama ghafla mbele yake. Akakanyaga kwa nguvu zake zote, na kishikio kimoja kikang'oka kwenye bati. Pedali ikaenda chini hadi sakafuni bila kushika kitu.

Watu sita waliumia. Mama mmoja muuza samaki alivunjika nyonga, mpaka leo anatembea na fimbo.

Mtaalamu wa kampuni ya asiransi alikuja baada ya siku nne. Nilikuwepo. Alikuwa na tochi mkono mmoja na kopi ya karti roze mkono wa pili. Hakuuliza habari ya lori. Aliingia ndani, akahesabu viti kwa kidole, akashuka, akaangalia karatasi, akapanda tena kuhesabu mara ya pili. Kisha akalala chali chini ya dashibodi, akapiga picha ile alama ya kuchomelea iliyong'oka. Ilikuwa ndogo kama kucha ya kidole gumba. Barua yao ilifika baada ya wiki tano, mistari michache tu: gari lililopata ajali silo gari lililotangazwa. Nilikasirika sana siku ile. Leo naona waliandika kweli. Tuliuza kiwanja cha marehemu baba yetu kule komini ya Annexe, na hata hivyo yule mama wa samaki hakupata yote aliyostahili. Hilo ndilo linaloniuma, kuliko kiwanja.

Kwa hiyo ukienda kwa shemeki, muulize maswali haya. Pampu ya breki itakaa wapi? Usukani utafikaje kwenye magurudumu? Kuna mafundi wanaovuta usukani kwa mnyororo na meno, kama baiskeli, chini ya plastiki nzuri ya dashibodi. Kuna wanaokata fimbo ya usukani na kuiunga kwa moto. Abiria haoni kitu, hata dereva haoni, mpaka siku kiungo kinapoachia kwenye kona. Kuhamisha usukani kwa haki kunawezekana, maana Toyota inatengeneza Hiace za usukani wa kushoto kwa nchi nyingine, na vipuri vyake vipo. Lakini ni dashibodi nzima, boksi la usukani la upande huo, fimbo yake, pedali zote, pampu ya breki na nyaya. Ukijumlisha bei, utaona kwa nini wengi wanakimbilia bomba.

Mlango nao una mambo yake. Nakubali kabisa kwamba mlango wa kushoto ni hatari kwetu. Sisi tunaendesha kulia, kwa hiyo abiria wa gari la Japani anashukia katikati ya barabara, na nimeona watoto wa shule wakiruka hivyo mbele ya malori. Shemeki ameona tatizo la kweli. Ila ubavu wa gari si pazia la kukata na kushona. Nguzo na mbavu za chini ndizo zinazoshika paa na sakafu, na ukizikata bila kurudisha chuma cha nguvu ileile, gari linajikunja likigongwa. Tena yeye anataka kuuchomelea mlango wa kushoto. Fikiri gari limelala kwa ubavu wa kulia. Mlango mpya uko chini, umeelekea lami. Wa zamani uko juu, umefungwa kwa moto. Watu 16 watatokea wapi?

Na benchi. Benchi iliyochomelewa kwenye bati la sakafu inatoka na kipande cha bati, na mtu juu yake. Kiti cha abiria kinafungwa kwa bolti zinazofika kwenye mifupa ya gari.

Kuna jambo jingine dogo ambalo watu hulisahau hata wakihamisha usukani vizuri. Taa za gari la Japani zilitengenezwa kwa nchi inayoendesha kushoto. Mwanga wa chini unapanda kidogo upande wa kushoto ili umulike ukingo wa barabara na wanaotembea kwa miguu. Kwetu, kushoto ndiko anakotoka mwenzako. Unampiga mwanga machoni huku ukingo wako wa kulia, walipo waendesha baiskeli wa makala (makaa), umebaki gizani. Hizo taa zibadilishwe hata kama hamtagusa kitu kingine.

Baba Mapasa anasema PCR mtaelewana. Labda. Lakini mtu akifa au akiumia, habari inatoka mikononi mwa askari wa barabarani. Inakuwa ya parke (ofisi ya mwendesha mashtaka) na mahakama. Kanuni yetu ya adhabu, kifungu cha 52 hadi cha 54, inaadhibu anayeua au kujeruhi kwa uzembe bila kukusudia. Akifa mtu, ni miezi mitatu hadi miaka miwili ya gereza pamoja na faini. Na kitabu cha tatu cha kanuni ya raia, kuanzia kifungu cha 258, kinamtaka aliyesababisha hasara ailipe. Kifungu cha 260 kinakwenda mbali zaidi: unajibu pia kwa ajili ya mtu uliyemtuma kazi na kitu kilicho chini ya ulinzi wako. Kijana wa shemeki ataendesha, lakini aliyeandikwa kwenye karti roze ndiye atakayeitwa pamoja naye. Ni jina la nani pale, lako au la baba Mapasa?

Kuhusu kijana huyo, permi ya B haimruhusu. B inaishia kwenye gari la viti 8 bila kuhesabu cha dereva. Kwa Hiace ya abiria mnayoitaka inatakiwa D. Kampuni ya asiransi huangalia permi ya dereva mapema sana, na mkataba unaweza kukwama hapo tu kabla hata ya kuhesabu benchi.

Utaniuliza, basi tufanyeje, maana unga haulipi mafuta. Ningekuwa mimi, gari hili lingebaki la mizigo, na usukani wake ungebaki kulia pale Japani ilipouweka. Usukani wa kulia umejaa Lubumbashi, ijapokuwa serikali imewahi kutangaza kuukataza, na dereva makini anaumudu mjini. Kwenye barabara ya Likasi, ambako lazima utoe pua nzima ndipo uone kama unaweza kulipita lori, ningelikataza kabisa. Mjini tu. Wako akina mama wangapi sokoni Kenya wanaolipa mikokoteni na teksi kubeba mifuko yao kila asubuhi? Wakusanye saba au wanane, mpange njia moja, wakulipe kwa mfuko. Ila hapa napo usinyamaze: kubeba mali ya wengine kwa malipo si sawa na kubeba yako. Kawaambie wa asiransi, mlipe nyongeza yake, iandikwe.

Likikaa mwaka likileta kitu, liuzeni mkatafute Hiace ya abiria iliyotoka kiwandani na usukani wa kushoto, mlango wa kulia na viti vyake. Itakuwa ghali zaidi, najua. Ongeza kwenye hesabu vipuri vya kuhamisha usukani wa hili kwa haki, utaona pengo limepungua sana.

Na kama baba Mapasa hatasikia, anataka hili hili lihamishwe, basi mambo yafuate utaratibu wake. Kwanza barua kwa kampuni ya asiransi, kabla ya moto wowote. Kampuni inaweza kukubali kwa ada mpya, inaweza kukataa. Bora ikatae leo. Wakikubali, kazi ifanywe na garaji inayoweza kutoa fakitire (ankara) yenye jina na muhuri, na upige picha za ndani kabla plastiki hazijafunika. Halafu kontrole tekniki (ukaguzi wa gari). Halafu karti roze irekebishwe ilingane na gari lilivyo, viti na kazi yake. Mwisho mkataba wa asiransi uongezewe karatasi ile wanayoiita avena, yenye tarehe na sahihi. Abiria wa kwanza apande baada ya avena, si kabla. Neno la ajenti kwamba "hakuna shida, mama" halisomeki mahakamani.

Barua yenyewe haitaki ufundi. Andika hivi, mtu akuwekee kwa Kifaransa ukipenda: "Mimi fulani, mwenye mkataba namba fulani, gari aina ya Toyota Hiace, shasi namba fulani, ninawajulisha kwamba ninataka kubadilisha gari hili kutoka mizigo kuwa abiria, viti kadhaa, usukani kutoka kulia kwenda kushoto, kuanzia tarehe fulani. Naomba jibu lenu kwa maandishi na ada mpya." Tengeneza mbili. Moja ibaki kwao, ya pili wakupigie muhuri wa kupokea na tarehe, uiweke pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Wakikaa kimya au wakikuonea, ipo mamlaka ya kusimamia bima, ARCA, ambayo ilianzishwa 2016 na inapokea malalamiko ya wateja. Bila ule muhuri huna cha kuwaonyesha.

Nambari ya shasi isiguswe na msasa wala rangi, hata kwa bahati mbaya. Na mkibadilisha injini siku moja, au rangi ya gari, au kuweka kariya kubwa juu ya paa, semeni pia. Hayo ni mepesi, mara nyingi wanaandika tu na mnarudi nyumbani.

Nimebakiza shemeki, na naona ndiye aliyekulaza macho kuliko asiransi.

Mtu aliyekutolea mahari huendi kumwambia kazi yake haifai. Wala wewe usiende peke yako. Aende baba Mapasa, wewe ukiwa naye, jioni, na mbebe kitu cha kunywa. Baba Mapasa ndiye aseme, maana ni mdogo wake: "Yaya, tumekuja kwa sababu ya jina lako." Kisha aeleze kwamba gari likipata ajali, mpelelezi atauliza ni nani aliyechomelea, na jibu litakuwa ni yeye. Fundi naye anaweza kuitwa kujibu. Kijana atakayekuwa kwenye kiti cha dereva ni wa kwake, siyo wa kwenu. Shemeki hajafikiri hivyo kwa sababu anafikiri kama mtu anayetoa msaada, na msaada wake ni wa moyo. Fundi yule wa mdogo wangu pia hakuchukua malipo makubwa. Alikuja matanga ya mama yetu mwaka uliofuata akakaa nyuma kabisa, akashindwa kunisalimia.

Tena mpeni kazi, asibaki mikono mitupu. Taa za mbele zibadilishwe, hiyo ni kazi yake. Breki zote nne zifunguliwe na kukaguliwa, maana gari limekuja kilomita nyingi kutoka bandarini. Kuwe na ukuta wa chuma wa wavu, uliofungwa kwa bolti, kati ya viti vya mbele na mizigo, ili mifuko isije mabegani mwa dereva akisimama ghafla. Hiyo ni kazi ya wiki nzima, na mlipeni hata akikataa. Wavu huo nao muutaje mkienda kwa wa asiransi.

Mnapokwenda kwake mbebe karti roze na mkataba, mumsomee mstari wa viti na mstari wa kazi ya gari, yeye mwenyewe aone kwa macho yake. Na kama nyumbani mna kile kikaratasi cha kubandika kwenye kioo tu, bila mkataba, piteni kwanza ofisini asubuhi muuombe. Ni haki yenu, mliulipia.